Samadi ya Nguruwe: Hesabu Isiyoandikwa Kitabuni



Mkaguzi afikapo chamani hufungua daftari la fedha, daftari la ghala na leja ya wanachama, akatazama kama kila kilichoingia kimeandikwa na kila kilichotoka kina hati yake. Iwapo magunia 100 ya chakula cha mifugo yaliingia ghalani, na 60 kati yake hayajulikani yalikokwenda, katibu hana budi kujieleza, na pengine halmashauri nzima huitwa. Wazee wa biashara walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini iko mali moja ambayo hutoka katika mabanda ya mifugo kila siku, wala hakuna daftari linaloionyesha. Mali hiyo ni naitrojeni na fosforasi, yaani rutuba iliyonunuliwa ndani ya chakula cha mnyama, kisha ikapotelea mtoni, kisimani au hewani. Shambani huitwa mbolea, lakini ikifika majini huitwa uchafu.

Makala hii yaeleza jinsi upotevu huo unavyotokea, ni nani anayeulipia, na ni njia zipi za kuupunguza zenye gharama ndogo. Mfano wetu mkubwa ni nchi ya Denmark, kwa sababu idadi ya nguruwe wake ni karibu mara mbili ya idadi ya watu wake, na kwa sababu wafugaji wake walijenga biashara hiyo kwa njia ya ushirika. Wanachama wasiofuga nguruwe wasiipite makala hii, kwa maana hesabu ya samadi ya ng'ombe wa maziwa na ya kuku hufuata njia ile ile.

MZUNGUKO ULIVYOKATIKA

Mwaka 1882 wakulima wa kijiji cha Hjedding, magharibi ya Denmark, walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika. Maziwa yaliyokwisha kuondolewa mafuta ya siagi yalirudishwa kwa wakulima, nao wakawanywesha nguruwe. Mwaka 1887, Ujerumani ilipowafungia mlango nguruwe hai wa Denmark, wakulima wa Horsens walijenga kiwanda cha kwanza cha ushirika cha kuchinja nguruwe, nyama ikauzwa Uingereza. Mfano huo ulienea nchi nzima.

Nguruwe wa siku zile alikula shayiri na maziwa ya mashamba ya karibu, na samadi yake ilirudi katika mashamba hayo hayo. Hivyo rutuba ilikuwa ikizunguka. Baada ya Vita Kuu ya Pili mzunguko huo ulikatika. Mbolea ya chumvichumvi ilipatikana kwa bei nafuu, mabanda yaliongezwa ukubwa, na mashudu ya soya yakaanza kuletwa kwa meli kutoka ng'ambo ya bahari. Tangu hapo rutuba iliingia nchini kwa meli, nyama ikatoka kwa meli, na samadi ikabaki pale pale. Mkulima aliyekuwa na mbolea ya dukani hakuona tena haja ya kuihesabu samadi kuwa mbolea. Aliiona kuwa taka ya kuondolewa bandani kwa haraka.

RUTUBA HUWAJE UCHAFU

Tuchukue mfano wa nguruwe mmoja anayenenepeshwa kutoka kilo 30 hadi kilo 110. Tuseme amekula kilo 220 za chakula chenye protini asilimia 16. Ndani ya chakula hicho mna naitrojeni kilo 5.6 hivi. Mwili wa nguruwe hushika takriban kilo 2.2. Kilo 3.4 zilizobaki hutoka kwa mkojo na kinyesi. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 10 alizolipa mfugaji kununua protini, shilingi 6 huishia sakafuni mwa banda.

Fosforasi nayo ina tatizo lake. Nafaka ina fosforasi, lakini sehemu kubwa yake imefungwa katika umbo ambalo tumbo la nguruwe haliwezi kulivunja vyema. Kwa hiyo mfugaji hununua fosforasi ya madini akaichanganya katika chakula, na ile ya nafaka hupita tumboni ikatoka ilivyo.

Samadi hiyo ikimwagwa shambani wakati mimea haipo, au kwa wingi kuliko mimea inavyoweza kula, mvua huichukua. Sehemu moja huzama ardhini ikafika visimani kwa umbo la nitrati, ambayo ikizidi katika maji huwadhuru watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Sehemu nyingine hufika mitoni na baharini. Huko hulisha mwani, yaani majani madogo ya majini; mwani hustawi mno, kisha hufa na kuoza, na kuoza huko hutumia oksijeni yote iliyomo majini. Samaki wenye uwezo hukimbia, na viumbe wa sakafuni hufa.

Mwezi wa Oktoba 1986 wavuvi wa Denmark walivua katika bahari ya Kattegat kamba wakubwa waliokwisha kufa kwa kukosa oksijeni. Picha zao zilionyeshwa katika televisheni, na nchi nzima ikashtuka. Mwaka 1987 Bunge lilipitisha mpango wa kupunguza naitrojeni iingiayo majini kwa asilimia 50, na fosforasi kwa asilimia 80. Sehemu kubwa ya fosforasi ilitoka katika maji machafu ya miji na viwanda, na ilipunguzwa kwa kujenga mitambo ya kuyasafisha. Naitrojeni ilitoka hasa mashambani, nayo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu.

ANAYELIPA SIYE ANAYEPOTEZA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mfugaji aliuza nguruwe wake akapata bei ya soko. Mvuvi hakuuza nguruwe hata mmoja, lakini alipoteza samaki wake. Mwanakijiji ambaye kisima chake kiliharibika alilazimika kuchimba kingine. Gharama hizo zilikuwa gharama za kweli za kufuga nguruwe, ila hazikuandikwa katika daftari la mfugaji. Ziliandikwa katika daftari la mtu mwingine asiyekuwa na sauti katika biashara hiyo. Ndiyo sababu nyama ilionekana kuwa rahisi kuliko ilivyokuwa kwa hakika.

Haifai kusema kwamba mfugaji huyo alikuwa mtu mbaya. Kama angejenga tenki kubwa la samadi kwa fedha zake peke yake, gharama yake ingepanda, na jirani asiyejenga angeuza kwa bei ile ile akabaki na faida zaidi. Mtu mmoja hawezi kulitatua jambo ambalo soko linamwadhibu akilitatua. Panahitajika kanuni inayowahusu wote kwa pamoja.

Juu ya hayo, yapasa kukumbuka jambo la pili. Kilo ya kwanza ya upotevu ni rahisi kuizuia, ya kumi ni ghali zaidi, na ya mwisho huenda ikagharimu kuliko faida yake. Kwa hiyo swali la busara ni hili: tuanzie wapi, ili kila shilingi izuie upotevu mkubwa kadiri inavyowezekana?

NJIA NNE, KUANZIA ILIYO RAHISI

1. Horini. Upotevu ulio rahisi kuuzuia ni ule ambao haukununuliwa tangu awali. Chakula kikipunguzwa protini kutoka asilimia 16 hadi 14, na kikaongezwa lisini na viini vingine vya protini vinavyotengenezwa viwandani, nguruwe hukua kama kawaida. Katika mfano wetu, naitrojeni itakayotoka itashuka kutoka kilo 3.4 hadi kilo 2.7, yaani pungufu kwa sehemu moja katika tano. Sheria ya nitrati ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1991 iliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Tukiacha kando kiasi kinachopotea hewani, hekta moja ingepokea samadi ya nguruwe 50 wa chakula cha kwanza, lakini nguruwe 63 wa chakula cha pili. Kwa mfugaji mwenye ardhi kidogo, tofauti hiyo ni sawa na kupata shamba jingine. Angalizo: anayepunguza protini bila kuongeza lisini hupata hasara, kwa maana nguruwe hukawia kukua na hula zaidi.

Kwa upande wa fosforasi, tangu mwaka 1991 imeuzwa huko Ulaya dawa ya chakula iitwayo fitesi, ambayo huifungua fosforasi iliyofungwa katika nafaka. Mfugaji akiitumia hununua fosforasi ya madini kidogo zaidi. Mwaka 2005 Denmark iliweka kodi ya krone 4 kwa kila kilo ya fosforasi ya madini iliyotiwa katika chakula cha mifugo. Anayetia bila kipimo hulipa zaidi, na anayepima hulipa kidogo.

2. Tenkini. Mkulima wa Denmark alikuwa akimwaga samadi wakati wa baridi kwa sababu tenki lake lilikuwa limejaa, si kwa sababu mimea iliihitaji. Kwa hiyo wafugaji walitakiwa kuwa na nafasi ya kuhifadhi samadi kwa muda upatao miezi tisa, na kuifunika ili naitrojeni isiruke hewani. Tenki ni ghali, lakini bila tenki njia ya tatu haiwezekani.

3. Shambani. Samadi humwagwa majira ya kuchipua, mimea inapokula. Mitambo iliyokuwa ikirusha samadi juu hewani ilipigwa marufuku, na mahali pake pakawekwa mipira inayoburutwa chini kati ya mistari ya mimea, au vyuma vinavyoiingiza ardhini. La muhimu zaidi ni hesabu: mkulima alitakiwa kuhesabu asilimia 75 ya naitrojeni ya samadi ya nguruwe kuwa ni mbolea kamili, na kununua mbolea ya chumvichumvi pungufu kwa kiasi hicho. Hapo samadi iliacha kuwa taka, ikapata bei.

4. Barabarani. Palipo na nguruwe wengi na mashamba machache, samadi haina budi kusafirishwa. Hii ndiyo njia ya ghali kuliko zote, na sababu yake ni maji. Gunia moja la urea la kilo 50 lina naitrojeni kilo 23. Tani moja ya samadi ya majimaji ya nguruwe ina naitrojeni kilo 4 au 5 tu. Karibu yote iliyobaki ni maji. Kwa hiyo, ili kupeleka shambani naitrojeni iliyomo katika gunia moja ambalo kijana hubeba begani, hutakiwa kukokota tani 5 au 6 za samadi. Kila kilomita inayoongezeka hula thamani ya mzigo, mpaka hufika mahali ambapo nauli ni kubwa kuliko mbolea yenyewe. Baadhi ya wafugaji huichuja samadi, ili sehemu nzito yenye fosforasi nyingi isafirishwe mbali, na maji yatumike karibu. Wengine waliungana wakajenga mitambo ya ushirika ya gesi ya samadi. Lakini tusidanganyike: mtambo wa gesi hutoa nishati, na huifanya naitrojeni iliwe na mimea upesi zaidi; hauiondoi. Naitrojeni iliyoingia mtamboni hutoka nayo, na bado inahitaji shamba.

AMRI, KODI AU DAFTARI?

Serikali ina njia kadhaa za kumfanya kila mfugaji achukue hatua hizi. Uholanzi, ambayo nayo ina nguruwe wengi katika nchi ndogo, ilijaribu njia ambayo mkaguzi yeyote wa hesabu ataipenda. Kuanzia mwaka 1998 wafugaji walitakiwa kuwa na daftari la rutuba. Upande mmoja iliandikwa naitrojeni na fosforasi iliyoingia kwa chakula na mbolea. Upande wa pili ile iliyotoka kwa nyama, maziwa, mazao na samadi iliyopelekwa kwingine. Ziada iliyovuka kiasi kilichoruhusiwa ilitozwa kodi. Uzuri wa njia hii ni kwamba haikumwamuru mfugaji namna ya kufanya. Ilimwachia atafute mwenyewe njia iliyo rahisi kwake.

Hata hivyo mpango huo haukudumu. Mfugaji wa nguruwe asiye na ardhi hakuwa na mahali pa kupeleka samadi isipokuwa amlipe mwenye ardhi aipokee. Na mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mpango huo haukutimiza sheria ya 1991, ambayo yataka kikomo cha samadi kwa kila hekta. Mwaka 2006 ukawekwa mpango mwingine wa vikomo. Fundisho ni kwamba daftari huonyesha ziada ilipo, lakini daftari haliongezi ardhi.

Denmark ilifuata zaidi njia ya amri pamoja na daftari, nayo ikakosea mahali pengine. Chini ya mpango wa mwaka 1998, wakulima waliruhusiwa kutumia naitrojeni pungufu kwa asilimia 10 kuliko kiasi chenye faida kubwa kwa zao. Kanuni hiyo ilikuwa sawa kwa mashamba yote. Baada ya muda protini katika nafaka ya Denmark ilishuka, na mfugaji aliyelisha nguruwe nafaka yake mwenyewe alilazimika kuongeza soya ya kununua kutoka nje. Wakulima walilalamika kwa miaka mingi, na mwishoni mwa mwaka 2015 vyama vya siasa vilivyokuwa na wingi Bungeni vilikubaliana kuliondoa punguzo hilo. Watetezi wa bahari nao wakalalamika kwa upande wao.

Kosa halikuwa kuweka kikomo. Lilikuwa kudhani kwamba kilo moja ni sawa kila mahali. Kilo ya naitrojeni inayotoka katika shamba lililo kando ya ghuba yenye maji machache hufika baharini karibu yote. Kilo inayotoka mbali, ikapita katika vinamasi na maziwa, sehemu yake kubwa hugeuka kuwa hewa ya kawaida kabla ya kufika. Kumzuia mkulima wa pili kwa ukali ule ule ni kumtia gharama bila kumfaidi mvuvi. Ndiyo maana baadaye Denmark ilianza kuweka masharti kufuatana na mahali maji yanakokwenda.

Matokeo yake ni haya. Tangu mwaka 1990 naitrojeni inayofika baharini kutoka Denmark imepungua kwa takriban nusu, na katika miaka 20 ya kwanza ya kazi hiyo nguruwe waliofugwa waliongezeka. Hiyo ni kazi kubwa, nayo yaonyesha kwamba kupunguza uchafu si lazima kuue ufugaji. Lakini ghuba nyingi bado hazijapona. Mwezi wa Aprili 2024 wananchi walifanya mazishi ya mfano ya ghuba ya Vejle, wakiilia kama mtu aliyefariki. Mwaka huo huo Serikali, wakulima na watetezi wa mazingira walifikia mapatano ya kugeuza sehemu ya mashamba kuwa misitu na vinamasi, misitu mipya peke yake ikiwa hekta 250,000. Fedha nyingi za kazi hiyo zatoka katika hazina ya taifa. Kwa hiyo ile gharama iliyoachwa kuandikwa katika daftari la banda sasa imeandikwa katika bajeti ya nchi, na mlipa kodi ndiye anayeilipa.

LINALOFAA KWA VYAMA VYETU

Mwanachama wetu mwenye nguruwe watano au kumi hana haja ya tenki la miezi tisa wala mitambo ya mipira. Lakini mpangilio wa njia zile nne wamfaa vile vile, tena kwake ni rahisi zaidi, kwa kuwa mara nyingi banda na shamba viko pamoja, au mashamba ya majirani hayako mbali.

Kwanza, chakula kipimwe. Pumba na mashudu yanayotupwa horini bila kipimo ni fedha inayopita tumboni tu. Chama kinachonunua chakula kwa jumla kimwombe Bwana Mifugo ashauri mchanganyiko kwa kila umri wa nguruwe, kwa maana nguruwe mkubwa hahitaji protini nyingi kama mtoto.

Pili, samadi ikingwe mvua. Shimo lisiwe juu ya kisima wala kando ya kijito. Liwe na paa hata la nyasi, na maji ya paa la banda yaelekezwe kwingine. Mkojo unyweshwe majani makavu au maranda, kwa sababu sehemu kubwa ya naitrojeni imo katika mkojo, na ndiyo inayopotea upesi. Samadi kavu iliyochanganywa na majani hubebeka. Ya majimaji huvuja njiani.

Tatu, ipelekwe shambani karibu na wakati wa kupanda, ifukiwe mara moja, na mwanachama apunguze mbolea ya dukani kwa kadiri Bwana Shamba atakavyomshauri. Asipopunguza, hakuokoa chochote. Ameongeza tu kitakachosombwa na mvua.

Nne, mwenye nguruwe wengi na shamba dogo apatanishwe na mwenye shamba kubwa asiye na mifugo. Hapa ndipo kazi ya chama ilipo. Mapatano ya watu wawili huvunjika upesi, lakini mapatano yaliyoandikwa na katibu, yenye idadi ya mikokoteni, tarehe na bei, hudumu. Na wanachama wote wanaotumia kijito kimoja wakubaliane sharti moja, ili atunzaye asipate hasara kwa ajili ya asiyetunza.

Tano, pawe na ukurasa. Katibu achore safu nne katika daftari la kawaida: chakula kilichonunuliwa, mifugo iliyouzwa, mikokoteni ya samadi iliyokwenda mashambani, na mbolea ya chumvichumvi iliyonunuliwa. Baada ya msimu mmoja halmashauri ilinganishe ukurasa huo na wa msimu uliotangulia. Iwapo chakula kimeongezeka, mifugo iliyouzwa haikuongezeka, na mbolea ya dukani haikupungua, basi ipo mali iliyokwenda mtoni, na wanachama wana haki ya kuuliza ni kiasi gani.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika